Gari Linakula Wapi

Watu wa Karatu walimwambia Gideon Tluway mapema, tena bila kumficha: landrova ile isiende kuchukua bibi harusi. Ikabebe mahindi Mbulumbulu, ikabebe maharage, hata nguruwe ikabebe, lakini mke wa mtu isimguse. Gideon aliwasikiliza akiwa amelala chini ya gari hilohilo, miguu nje, spana mkononi, na jibu lake likatokea uvunguni.

"Mtaisikia ikipita."

Ilikuwa landrova ya dizeli, kubwa kwa umri kuliko Gideon mwenyewe. Zamani ilikuwa ya kijani. Sasa ilikuwa na rangi ya kila mahali ilipokwaruzwa. Gideon hakusomea ufundi popote. Alijifunza kwa kufungua na kufunga, na kila alipobakiwa na nati mkononi, alifungua tena. Siku chache kabla ya harusi alikuwa ameifungua pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini, akakuta kiwambo chake cha mpira kimechanika. Kipya hakikupatikana mjini. Akakata chake kwa wembe kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori, akakirudisha mahali pake, na pampu ikavuta kama mtoto kwenye ziwa la mama. Hakumwambia mtu. Alijua wangecheka.

Bwana harusi alikuwa Senteu wa Endulen, rafiki yake tangu walipokalia dawati moja sekondari. Bibi harusi alikuwa Nanyori wa Nainokanoka, upande wa pili wa kreta. Ndugu zake Senteu walitaka kukodi kruza ya watalii, nyeupe, yenye viti vya ngozi. Senteu aliwakatalia. "Nanyori ataletwa na Gideon," alisema, na hakurudia. Kwa hiyo siku ile Gideon alibeba heshima ya watu wawili, na yake mwenyewe ikiwa juu kabisa.

Mambo mawili aliambiwa asiyasahau. La kwanza, Nanyori akishatoka kwao hageuki nyuma wala harudi, hata hatua moja. La pili, kwenye boma la kina Senteu bibi harusi huingia pamoja na ng'ombe, jioni wanaporudi malishoni. Lango likishafungwa kwa miiba, basi. Atalala kwa jirani, na ndoa itaanza ikiwa na donge.

"Ng'ombe wataingia saa wanayoingia," Senteu alimwambia kwenye simu. "Hawajui habari za spana zako."

"Waambie watembee polepole," Gideon alijibu.

Asubuhi ile Nainokanoka ilikuwa ndani ya ukungu. Baridi ilishika masikio. Wazee walichovya majani mabichi katika maziwa, wakamnyunyizia Nanyori, wakaomba, na kila mstari wa maombi watu wakaitikia, "Naai," wakimwita Mungu. Wanawake walimpaka mafuta ya kondoo kichwani na mabegani hadi shanga zake zikang'aa. Alisimama ameinamisha uso, machozi yakimtiririka. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa akimpenda Senteu wazi mbele ya dunia nzima, lakini kuondoka kwa mama ni kuondoka kwa mama.

Kisha Nasieku, shangazi yake Nanyori, aligeuka na kibuyu chake cha mafuta, akalitazama gari.

"Na huyu je?" aliuliza. "Si ndiye anayembeba mtoto wangu? Aende mkavu?"

Gideon alicheka kwa furaha. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia mtu akiiita landrova ile "huyu".

"Mpake, Yeyo!" alisema, akimwita mama kwa lugha yao.

Nasieku akapaka boneti, akapaka milango, akazipaka taa kama anayemsafisha mtoto macho. Halafu akasimama, akaliangalia gari kuanzia mbele mpaka nyuma, kama kuna kitu hakioni.

"Linakula wapi?"

Gideon alimshika mkono yeye mwenyewe, akampeleka ubavuni, akamwonyesha kifuniko cha tangi. "Hapa, Yeyo. Mdomo wake ndio huu."

Nasieku alizamisha vidole kibuyuni, akatoa fungu zito jeupe, akalikandika juu ya kifuniko, akalisugua mpaka kwenye kingo. "Lisishikwe na njaa njiani," alisema. Wanawake wakapiga vigelegele. Gideon akawasha injini, na moshi mweusi ukaungana na ukungu.

Ndani walikuwa wanne. Mbele, pembeni ya Gideon, alikaa Lekoko, mpambe wa bwana harusi, kijana mrefu ambaye magoti yake yaligusa dashibodi na ambaye hakuwahi kunyamaza tangu aanze kusema. Kwenye kiti cha nyuma yao alikaa Nanyori, uso mbele, na Nasieku ubavuni mwake.

Landrova ilipanda vizuri. Gideon alianza kupiga mluzi. Kisha, katikati ya mlima wa kwanza, nguvu zikaanza kupungua. Alikanyaga mafuta, hakuna kitu. Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikanyamaza. Ikawa kimya hata ndege wakasikika.

"Tumefika?" aliuliza Lekoko.

"Nyamaza wewe. Ni upepo tu umeingia kwenye bomba."

Alishuka, akaweka mawe nyuma ya matairi, akafungua boneti. Alilegeza nati juu ya filta ya dizeli, akaanza kupiga pampu kwa mkono. Kawaida dizeli hutoka ikiwa na mapovu, halafu husafika, nawe unakaza nati unaondoka. Safari hii alipiga akapiga, na kishikio cha pampu kikawa kizito, na juu ya nati pakatoka tone moja tu lenye uvivu. Alipumzika, akapiga tena. Polepole dizeli ikaja. Akakaza, akawasha, gari likaguruma.

"Si nilikwambia?" alisema Gideon.

"Hukuniambia kitu. Ulinyamazisha watu," alisema Lekoko.

Hawakumaliza hata kona mbili. Landrova ikakohoa tena, ikanyamaza tena, pua ikiwa juu mlimani na nyuma bonde.

Lekoko alishuka, akazunguka, akaupima mteremko kwa macho. "Hii ni rahisi. Tuliachie lirudi nyuma kidogo, utie gia, litawaka lenyewe."

Sauti ikatoka ndani ya gari, ndogo lakini imenyooka. "Sirudi nyuma."

"Ni kidogo tu, Nanyori. Hatua kama ishirini hivi."

"Shemeji, nimesema sirudi. Kama mnataka gari lirudi, nitashuka nisimame hapa, nanyi mrudi nalo."

"Na hilo ndilo lililobarikiwa," Nasieku aliongeza. "Haliendi bila yeye, na yeye haendi bila hilo."

Kwa hiyo kulikuwa na njia moja tu: mbele, kwa ufunguo na betri. Na betri Gideon aliijua. Ilikuwa na nguvu za kuwasha mara chache, si siku nzima.

Alifungua kikombe cha filta ili amwage maji. Hayakuwa maji, ilikuwa dizeli safi kama ilivyotoka kituoni. Alipitisha vidole kwenye kila maungio ya bomba kutafuta unyevu, pakavu. Akalifungua bomba linalotoka tangini, akalitia mdomoni, akapuliza kwa nguvu zake zote. Kule nyuma, ndani ya tangi, mapovu yakasikika yakibubujika. Bomba lilikuwa wazi. Akatema dizeli, akarudisha kila kitu, akawasha.

Landrova iliruka kama imepigwa fimbo. Ilipanda mlima ule, ikapanda na uliofuata, na Lekoko akaanza kuimba wimbo wa ng'ombe dume. Gideon alijisikia mfalme. Alianza kupanga kichwani namna atakavyowasimulia watu wa Karatu, neno kwa neno, na wapi atanyamaza kidogo ili wamsihi aendelee.

Hakumaliza kupanga. Karibu na kilele, mahali ambapo miti imevaa ndevu za kijivu, gari likafa kwa mara ya tatu.

Safari hii Lekoko hakusema kitu, na hilo lilimuuma Gideon kuliko maneno. Jua lilikuwa limekwisha pasua ukungu na kuanza kuelekea upande wa Endulen. Kruza moja ya watalii ikatokea nyuma yao, ikapunguza mwendo. Dereva, kijana mwenye miwani myeusi, akatoa kichwa.

"Kaka, hilo gari au mali ya makumbusho? Mlete bibi harusi huku, nina nafasi. Wageni wangu watafurahi."

Damu ilimpanda Gideon mpaka masikioni. Alifungua mdomo, lakini Nasieku alimtangulia kupitia dirishani.

"Gari lako limepakwa mafuta?"

"Mafuta gani, mama?"

"Basi nenda zako salama."

Kruza ikaondoka. Gideon alibaki ameinamia injini, na ndani ya moyo wake aliogopa kitu kimoja ambacho hakuwa amekitaja kwa mtu: kiwambo chake. Kile kimpira alichokikata kwa wembe. Bomba zima, filta safi, tangi bado lina dizeli tele. Ilibaki pampu. Kwa mara ya kwanza aliwaza kwamba huenda watu wa Karatu walisema kweli, na kwamba mke wa rafiki yake angelala nje ya lango kwa ajili ya kipande cha mpira wa lori.

Alitandika shuka ya Lekoko juu ya bampa, akaifungua pampu skrubu moja baada ya nyingine. Akakitoa kiwambo, akakiinua kwenye mwanga. Akakivuta, akakikunja, akakilamba kabisa. Hakikuwa na ufa. Hakikuwa hata na mkunjo. Kilikuwa kizima, kimelowa, kinameta kama ulimi wa ndama.

"Kibovu?" aliuliza Lekoko.

"Kizuri," alisema Gideon, na sauti yake ikawa na mshangao. "Kizuri kuliko cha kiwandani."

"Sasa mbona una uso wa msiba?"

Gideon alirudisha kiwambo, akakaa juu ya bampa, akaanza kufikiri, jambo ambalo angelifanya tangu mlima wa kwanza kama hofu isingemtangulia. Jana gari lilitoka Karatu mpaka Nainokanoka bila hata kupiga chafya. Leo linakufa. Likipumzishwa, linaamka kidogo. Likipulizwa, linaamka sana. Alikuwa amepuliza bomba akidhani anasafisha uchafu, lakini uchafu wenyewe hakuuona. Basi alipopuliza, alilipatia nini?

"Pumzi," alisema kwa sauti.

"Nini?"

"Nililipatia pumzi! Dizeli haiwezi kutoka tangini kama hewa haiingii kushika nafasi yake. Lekoko, ukifyonza chupa ya soda kwa mdomo bila kuiachia, ulimi unabaki umenaswa au haunaswi?"

"Unanaswa."

"Tangi limenaswa!"

Alikimbia ubavuni mwa gari, akashika kifuniko, akakizungusha. Kiligoma, kisha kikaachia, na tangi likavuta hewa kwa mlio mrefu, *fyuuuuu*, kama mtu aliyetoka chini ya maji. Gideon alikigeuza kifuniko. Katikati yake palikuwa na tundu dogo alilolitoboa mwenyewe miaka iliyopita, la kupumulia. Sasa halikuonekana. Lilizibwa na mafuta ya kondoo, meupe, yameganda kwa baridi ya mlimani kama nta ya mshumaa.

Neno kali lilimfika Gideon kwenye meno. Aligeuka nalo. Akamkuta Nasieku ameshuka, anamtazama, vidole vyake bado vinang'aa kwa mafuta yaleyale, na usoni mwake hakuna hata chembe ya kujua. Hapo akakumbuka ni nani aliyemshika mkono mama wa watu na kumwonyesha mdomo. Neno likarudi lilikotoka.

Alichukua njiti ya kiberiti kuchokoa tundu.

"Unatoa nini hapo?" aliuliza Nasieku.

"Yeyo, gari limeshiba. Limeshiba sana. Sasa linataka kupumua."

"Linapumulia wapi?"

"Hapohapo linapokulia."

Nasieku alilitazama gari kwa huruma. "Mnyama gani huyu, pua na mdomo tundu moja?"

"Mzungu ndivyo alivyomuumba," alisema Lekoko, akageukia mti ili acheke vizuri.

"Na ulijua?" Nasieku alimuuliza Gideon. "Ulijua, ukaniacha nimzibe pua?"

"Nilijua, Yeyo. Nilikuwa nafurahi, nikasahau."

Mama yule akasema, kwa upole lakini bila kutoa nafasi, "Aliyepakwa hafutwi. Hata mtu akipakwa yakamwingia machoni, hafutwi. Usiyatupe chini."

Gideon alisimama na kifuniko mkononi, jua likiteremka. Kichwa chake cha moto kilitaka kusema kwamba dizeli haijui habari za baraka. Moyo wake uliuliza kama angeweza kumfikisha Nanyori langoni na shangazi mtu akiwa analia. Akakinyoosha kifuniko kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa.

"Basi nifundishe, Yeyo. Tufanyeje?"

Nasieku alikipokea. Alikwenda mbele, akaisogelea injini iliyokuwa bado na joto, akapapasa hewa kwa kiganja kama anayepima chai ya mtoto, akakiweka kifuniko juu ya rejeta. Wakangoja. Mafuta yakalainika, yakaanza kulia, yakawa maji. Aliyakusanya kwa kidole, tone kwa tone, akamwita Gideon ainame. Akampaka katika paji la uso, akampaka kooni, na yaliyobaki akayasugua kwenye viganja vyake vilivyojaa masizi.

"Hayajatoka garini," alisema. "Yamekwenda kwa dereva."

"Naai," alisema Lekoko, na safari hii hakucheka.

Lakini ndani ya tundu palibaki mafuta kidogo yaliyoganda, na njiti ya kiberiti ilikuwa nene. Kabla Gideon hajaanza kulalamika, mkono wa Nanyori ukatokea dirishani, umepita juu ya bega lake, uso wake ukiwa bado mbele. Vidoleni alishika waya mwembamba alioukwanyua kwenye mapambo yake ya shanga.

"Shika, fundi," alisema. "Na ufanye haraka. Mume wangu si mtu wa subira."

"Bado si mume wako," alisema Lekoko.

"Kwa sababu yenu."

Gideon alisukuma waya, tundu likafunguka, akaona mwanga upande wa pili. Alifunga kifuniko. Alipiga pampu, dizeli ikaja nzito na safi, ikammwagikia mkononi. Akakaza nati, wote wakapanda, akashika ufunguo.

Betri ililia kwa sauti ya mgonjwa. Injini ilizunguka mara moja, kwa uzito. Ikazunguka ya pili. Kwenye ya tatu Gideon alikuwa ameuma mdomo mpaka unauma kweli, na hapo silinda moja ikashika, ikaita ya pili, na landrova nzima ikaamka ikitikisa vioo. Nasieku akapiga kigelegele kimoja kirefu kilichotoka nje ya gari kabla yao.

Hawakusimama tena. Walipita ukingoni, kreta ikiwa chini yao imejaa mwanga, na hakuna aliyeitazama. Walikuwa wakitazama jua. Walipoanza kuteremka kuelekea Endulen, ukungu ukabaki nyuma, joto likaingia madirishani, na Gideon aliendesha kama ambavyo hajawahi kuendesha, gari likimwitikia kila alipoligusa. Lekoko alinyamaza kabisa, ameshika dari kwa mikono miwili.

Vumbi waliliona kabla ya boma. Ng'ombe walikuwa wakirudi, mstari mrefu wa kahawia na weupe, na wa mbele walikuwa wamekwisha anza kuingia langoni. Gideon aliizungusha landrova pembeni mwa kundi, akaisimamisha kwenye majani, vumbi la ng'ombe na vumbi la gari likawa moja. Ndugu mmoja wa Senteu alikuwa amesimama na simu sikioni, anahangaika kutafuta mtandao ili aite ile kruza nyeupe. Aliishusha simu taratibu, akaitia mfukoni.

Nanyori alishuka. Alitembea katikati ya ng'ombe, polepole, majani mabichi yakiwa yamefungwa kwenye viatu vyake, shangazi yake nyuma yake. Wanawake wa boma wakaanza kuimba. Ng'ombe wa nyuma walikuwa bado nje. Walikuwa wamewahi.

Kisha, hatua moja kabla ya lango, Nanyori akasimama. Akakaa tuli kama mti.

Senteu, aliyekuwa amevaa shuka mpya na hajui mikono aiweke wapi, alijipenyeza mpaka ubavuni mwa Gideon. "Imekuwaje? Mbona hatembei?"

"Mimi nauliza wewe. Hapa ni kwenu."

Gideon alijua sababu kama kila mtu pale, na Senteu naye angeikumbuka kama si wasiwasi: bibi harusi haingii mpaka aahidiwe mifugo yake mwenyewe. Baba yake Senteu, Mzee Moloimet, alikuwa amekwisha jiandaa. Alitangaza mtamba mmoja. Nanyori hakusogea. Mama mkwe akatangaza kondoo jike na mwanawe. Hakusogea. Jua liligusa kilima, na ng'ombe wa mwisho walikuwa wakisukumana langoni.

"Gideon," Senteu alinong'ona, jasho likimtoka, "umekaa naye gari moja siku nzima. Anataka nini?"

Gideon alijifuta mikono kwenye suruali, akaegemea landrova yake, mgongo wote, kama mtu anayeegemea ukuta wa nyumba yake.

"Rafiki yangu," alisema, "hili lililonileta nimelitafutia ugonjwa wake mimi mwenyewe, mlimani, kwa mdomo wangu. Huyo mtafutie mwenyewe."

Senteu alimtazama mke wake. Akamtazama baba yake. Halafu akapiga hatua mbele ya watu wote na kumtaja yule ng'ombe wake wa madoa, jike aliyemlea kwa mkono tangu mama wa ndama huyo afe kwa ukame, ambaye alikuwa ameapa hatampa mtu. Mzee Moloimet aligeuza shingo kwa mshangao.

Nanyori akainua mguu, akaingia.